Shahidi, Mkalimani na Sikio la Hakimu: Tahakiki ya Hukumu ya Akayesu

Nani anafaa kuamua kwamba shahidi anasema kweli? Uingereza na Marekani huikabidhi kazi hiyo kwa juri, yaani raia wa kawaida, mara nyingi 12, wanaosikiliza kesi kisha wakajifungia chumbani mpaka wakubaliane. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya juri, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyeketi na wazee wa baraza. Tanzania iliendelea na wazee wa baraza baada ya uhuru, ila maoni yao yalikuwa ushauri tu, na jaji hakufungwa nayo. Rwanda haina juri. Hata hivyo, ni vigumu kuitaja nchi nyingine ambamo raia wengi kiasi hicho waliwahi kuketi na kupima maneno ya mashahidi. Mwaka 2001 wananchi waliwachagua wenzao zaidi ya 250,000 kuwa mahakimu wa Gacaca, wakawaita inyangamugayo, yaani watu wanaochukia aibu.

Katika makala hii ninahakiki matini iliyoandikwa na mahakimu wa aina nyingine kabisa: majaji watatu wageni waliokaa Arusha. Ni hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba katika mkoa wa Gitarama wa wakati ule, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998 na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Wanasheria huikumbuka kwa sababu ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mimi si mwanasheria. Ninaisoma kama mwanafunzi wa lugha, na kinachonivuta ni sehemu yake fupi inayoeleza jinsi majaji walivyopima kuaminika kwa mashahidi waliosema Kinyarwanda.

Hoja yangu ni hii. Majaji walifika mahali pazuri kwa njia mbovu. Walikataa kumwita shahidi mwongo kwa sababu tu ya namna anavyosema, na hilo ni la kusifiwa. Lakini walipoeleza kwa nini anasema hivyo, walilaumu utamaduni wake, ilhali mengi waliyoyaona yalikuwa mambo ya sarufi, ya msamiati na ya ukalimani. Tofauti hii ina uzito. Ukisema tatizo ni utamaduni, unamsamehe shahidi bila kumsikia. Ukisema tatizo ni lugha, unalazimika kumsikiliza upya.

Nianze na yale yaliyofanywa vizuri. Jopo liliongozwa na Laïty Kama wa Senegal, pamoja na Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na Kinyarwanda kama lugha yake. Walilijua hilo na hawakulificha. Kabla ya kueleza nini kilitokea Taba, waliandika sehemu nzima ya kueleza wameamini vipi. Walisema kwamba ushahidi wa mtu mmoja unaweza kutosha, ukiwa unahusiana na shauri na unaaminika. Hawakuifuata kanuni ya zamani kwamba shahidi mmoja si shahidi. Walisema kwamba maelezo ya maandishi waliyoyachukua wapelelezi yakitofautiana na maneno ya shahidi mahakamani, tofauti hiyo peke yake si dalili ya uongo, kwa kuwa muda umepita, kumbukumbu hufifia, na maelezo yale yalichukuliwa kwa tafsiri. Walisema pia kwamba wengi wa mashahidi waliona au walitendewa ukatili, na kwamba kiwewe kinaweza kuathiri namna mtu anavyosimulia.

Msimamo huu ulikuwa na matokeo. Kesi ilipoanza Januari 1997, hati ya mashtaka haikutaja ubakaji. Wanawake wawili walioitwa mahakamani kwa herufi J na H ndio waliozungumzia ubakaji mbele ya majaji, na Juni mwaka huohuo hati ikarekebishwa. Kama majaji wangeshikilia kwamba jambo lisilokuwamo katika karatasi za mwanzo ni jambo lililotungwa baadaye, sura ile yote ya hukumu isingeandikwa. Kwa hiyo swali la kuaminika kwa shahidi halikuwa la pembeni. Lilikuwa mlango ambao wanawake wa Taba waliingilia.

Tena majaji hawakudai kwamba waliwasoma mashahidi usoni. Watu wengi, wawe wanajuri au mahakimu, huamini kwamba mwongo hujulikana kwa macho, kwa jasho, kwa kusitasita. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya jambo hili, wakakuta kwamba watu hupambanua ukweli na uongo sawasawa kwa wastani wa asilimia 54. Kurusha sarafu kunakupa 50. Sasa mweke msikilizaji huyo mbele ya mama wa kijijini ambaye amelelewa kuinamisha macho anapozungumza na mkubwa wake. Macho yale yaliyoinama, kwetu ni heshima. Kwa mgeni yanaweza kuwa kukiri.

Baada ya hapo ndipo linakuja eneo ninalolipinga. Hukumu ina sehemu mbili zinazofuatana, moja ya tafsiri na nyingine ya utamaduni. Katika sehemu ya utamaduni majaji wanasema, kwa muhtasari wangu, kwamba Wanyarwanda wengi wanaishi katika mapokeo ya masimulizi ya mdomo, ambamo mambo huelezwa jinsi msimulizi alivyoyapokea, mara nyingi bila kujali kama aliyaona mwenyewe au aliambiwa na mwingine. Wanaongeza kwamba Wanyarwanda hawajibu maswali moja kwa moja, hasa swali likiwa nyeti, na kwamba majibu yao hubidi yafumbuliwe. Mwishowe wanasema kwamba mashahidi walipata shida kutaja tarehe, saa, umbali na mahali, na kwamba hawakuzoea ramani wala picha. Kwa sababu hizo, jopo halikuwahesabia mashahidi kosa kwa majibu yao ya kuzunguka.

Tulitazame dai la kwanza, kwamba Mnyarwanda hatofautishi alichokiona na alichoambiwa. Mtu anayesema Kinyarwanda atashangaa, kwa sababu lugha yetu ina neno dogo la kazi hiyohiyo: ngo. Nikisema "Yagiye i Kigali", nimesema alikwenda Kigali, na maneno ni yangu. Nikisema "Ngo yagiye i Kigali", nimekuambia kwamba hayo nimeyasikia kwa wengine, usinibebeshe. Kiswahili hulieleza jambo hili kwa "inasemekana" au "wanasema", na wakati mwingine kwa "eti", ingawa "eti" huja na kebehi au shaka, na "ngo" si lazima iwe na shaka. Lugha yenye kipashio cha namna hii, kinachotumiwa kila siku na hata watoto, si lugha ya watu wasiojali chanzo cha habari. Ila kipashio hicho ni silabi moja. Katika kesi ya Akayesu maneno mengi ya mashahidi yalitafsiriwa kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Hukumu yenyewe inasema hivyo, na inaeleza kwamba pale kumbukumbu za lugha hizo mbili zilipotofautiana, majaji walitegemea ya Kifaransa. Silabi moja isiyo na neno moja la kuilingana katika Kifaransa inaweza kudondoka katika ukalimani wa haraka, na ikidondoka, uvumi unageuka ushuhuda bila shahidi kujua.

Kuna pia kitenzi kumva. "Numvise induru" ni nilisikia mayowe. "Numvise ububabare" ni nilihisi maumivu. "Numva Ikinyarwanda" ni naelewa Kinyarwanda. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kucheka, kwa kuwa nasi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa na tunasikia baridi. Mkalimani akiandika "nilisikia" kila mara anaposikia kitenzi hiki, jambo ambalo shahidi alilihisi mwilini mwake linaweza kuingia kwenye kumbukumbu kama jambo aliloambiwa na jirani. Hapo msikilizaji ndiye aliyechanganya chanzo cha habari.

Mtu anaweza kunijibu kwa methali zetu wenyewe. Je, Waswahili hawasemi "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja"? Si ushahidi kwamba tunaamini uvumi? Nadhani ni kinyume. Mtu hawezi kutunga methali juu ya uvumi kama hajui uvumi ni nini. Tena hakuna jaji ambaye angechukua methali ya Kiingereza ya kwamba hakuna moshi bila moto, akaandika katika hukumu kwamba Waingereza hawatofautishi moshi na moto.

Dai la pili ni la majibu ya kuzunguka, na mfano ambao majaji wanautoa ni neno inyenzi. Mashahidi wengi waliulizwa maana ya kawaida ya neno hilo, wakasita. Majaji wakaja kutambua kwamba kila Mnyarwanda anajua maana yake: mende. Wakahesabu kusita huko kuwa mwiko wa kitamaduni. Mimi naona jambo jingine. Neno hilo lilitumiwa kuwatia watu alama ya kuuawa. Mwanamke aliyenusurika anasimama mbele ya mtuhumiwa, mbele ya mawakili na wageni, anaombwa aseme kwa kinywa chake kwamba yeye na watoto wake waliitwa mende. Kulitaja ni kujiita hivyo mara ya pili. Kukaa kimya hapo si kuzunguka swali. Ni jibu, tena lililonyooka: neno hili halina maana ya kawaida tena. Sihitaji nadharia ya utamaduni wa Rwanda kulielewa hilo. Mtu yeyote aliyewahi kudhalilishwa kwa jina, popote duniani, angesita vivyo hivyo.

Dai la tatu ni la tarehe na saa. Hapa msamiati wenyewe unajieleza. Kwa Kinyarwanda ejo ni jana na ejo ni kesho. Kinachopambanua ni wakati wa kitenzi, au mtu aongeze ejo hashize kwa jana na ejo hazaza kwa kesho. Saa zetu zinahesabiwa kama za Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza, kiasi kwamba saa mbiri za asubuhi ni saa nane kwa Mfaransa. Mahali pa kawaida pa kukosea ni katika kubadilisha. Shahidi anayesema saa mbili katika maelezo ya maandishi na saa nane katika kumbukumbu za mahakama anaweza kuwa amesema saa ileile mara zote mbili. Kuna pia ukweli wa maisha: mkulima aliyejificha porini Aprili 1994 hakuwa na kalenda mkononi. Angeweza kukuambia kama mtama ulikuwa umeanza kuiva, kama mvua ilinyesha usiku ule, kama ilikuwa kabla au baada ya jirani fulani kuuawa. Hizo ni tarehe, na anayetaka kuzitumia lazima aulize maswali yanayolingana nazo.

Sehemu ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote, hata hivyo, iko katika ukurasa wa tafsiri, ambapo majaji walifanya kazi nzuri kuliko walivyojua. Mashahidi walipozungumzia ubakaji walitumia vitenzi vinne: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. Wakalimani walivitafsiri vyote kama kubaka. Majaji hawakuridhika. Waliwauliza wakalimani wa mahakama maana ya kila kimoja, wakaieleza katika hukumu, kisha wakaamua kwa kuangalia muktadha wa kila ushuhuda.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kibantu akivitazama vitenzi hivi anaona kitu ambacho hukumu haikukisema. Gufata ku ngufu ni kushika kwa nguvu, na nguvu iko wazi ndani yake, ingawa unaweza kukishika kwa nguvu hata kitu kisicho mtu. Kurungora ni kitenzi cha kutenda: mwanamume ni mtenda, mwanamke ni shamirisho, na hakuna kinachosema kama alikubali. Gusambanya ni kauli ya kutendesha inayotokana na gusambana, kuzini. Maana yake ya ndani ni kumfanya mtu azini. Ona sarufi inavyomweka mwanamke: ametendeshwa, ndiyo, lakini tendo lililotajwa ni uzinzi, na mzinzi ni yeye. Kuryamana ni kauli ya kutendana. Kuryama ni kulala. Kiambishi -ana ni kilekile tunachokifundishwa mwaka wa kwanza katika pendana, pigana na salimiana. Kinasema watendaji ni wawili na tendo ni la pande zote.

Sasa fikiria mwanamke mwenye heshima zake, aliyefundishwa kwamba mambo ya mwili hayatajwi mbele ya wanaume. Anachagua neno lenye stara kuliko yote, kuryamana. Stara yake ndiyo inayomponza. Kadiri anavyojilinda kwa neno la adabu, ndivyo sarufi ya neno hilo inavyomfanya mshiriki. Wakili wa upande wa pili hahitaji kumwita mwongo. Anahitaji tu kurudia neno lake na kuuliza, basi mlilala pamoja? Hapa ndipo ninaposema tatizo halikuwa utamaduni wa kutojibu moja kwa moja. Shahidi amejibu. Lugha ilimpa maneno manne, na hakuna hata moja lililokuwa na nguvu, stara na kukosa ridhaa kwa pamoja.

Kiswahili hakiko salama zaidi. Kunajisi, neno linalotumiwa Kenya kwa kosa dhidi ya mtoto, linatokana na najisi, yaani uchafu, na katika sentensi anayebaki mchafu ni mtoto. Ndiyo maana watoto wenyewe hawalitumii. Husema "alinifanyia tabia mbaya". Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2017 ilieleza kwamba mahakama za nchi hiyo zimekubali maneno ya namna hiyo kuwa maelezo ya kutosha ya kosa, kwa kuwa mtoto huona haya kutaja tendo hilo mbele za watu. Wenzetu hawa hawakuandika kwamba Wakenya ni watu wa kuzunguka maneno. Waliandika kwamba mtoto huona haya, na kwamba maneno yake yanaeleweka. Hiyo ndiyo lugha ambayo ningependa kuiona katika hukumu ya Arusha.

Je, basi dawa ni kumwachia shahidi ahukumiwe na watu wa lugha yake? Hapa Gacaca inatufundisha tahadhari. Mahakama hizo zilianza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa rasmi Juni 2012, zikiwa zimesikiliza takriban kesi milioni 2 katika mahakama zipatazo 12,000. Hapakuwa na mkalimani wala wakili. Inyangamugayo walijua ngo ni nini. Walijua inyenzi ni nini. Walijua kilima kilichotajwa na njia ya kufika huko. Shida zote nilizozitaja hapo juu zilikwisha, na nyingine zikaanza. Hakimu alimjua shahidi tangu utotoni, kwa hiyo aliweza kupima ukoo badala ya maneno: huyu ni wa nani, aligombana na nani juu ya shamba, ataolewa wapi. Jirani aliyesema ukweli alirudi kuishi na wale aliowataja. Kukazuka mipango ya kunyamaza iliyoitwa ceceka, yaani nyamaza, ambamo watu wa kijiji walikubaliana kutosema. Sheria ya 2004 iliweka kifungo cha miezi 3 hadi 6 kwa anayekataa kueleza anachokijua au anayetoa ushahidi wa uongo, na kuwapo kwa kifungu hicho kunaonyesha kwamba watunga sheria walijua ukimya una nguvu gani.

Kwa hiyo msikilizaji wa karibu na msikilizaji wa mbali wote wana ugonjwa wao. Wa mbali hasikii silabi. Wa karibu anasikia hata ambayo hayakusemwa. Tofauti yao kubwa, kwa maoni yangu, ni karatasi. Majaji wa Arusha waliandika kwa nini waliamini, hoja kwa hoja, na ndiyo sababu mimi, mwanafunzi wa Kigali, ninaweza kubishana nao miaka mingi baadaye. Inyangamugayo, waliofanya kazi hiyo bila mshahara na bila shule ya sheria, mara nyingi hawakuacha maelezo marefu ya namna hiyo. Siwalaumu. Ila palipo na sababu zilizoandikwa, kosa la sikio linaweza kuonekana na kusahihishwa.

Ninajua pingamizi litakaloletwa. Ukimtetea shahidi kwa sarufi, si utawatetea na waongo? Walikuwapo. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ya Arusha ilimfunga miezi 9 shahidi aliyejulikana kwa herufi GAA kwa kutoa ushahidi wa uongo. Mwaka 2010 Nancy Combs, profesa wa sheria wa Marekani, alichapisha kitabu juu ya kesi za Arusha, Sierra Leone na Timor Mashariki, akionyesha kwamba kutolingana kwa maneno ya mashahidi na maelezo yao ya awali lilikuwa jambo la kawaida mno, na kwamba majaji walikuwa wepesi kulifunika kwa sababu za utamaduni na tafsiri. Ninalichukua onyo hilo kwa uzito, na ninadhani linaunga mkono hoja yangu. Neno "utamaduni" ni blanketi, linamfunika mkweli na mwongo pamoja. Sarufi si blanketi. Ukinionyesha kwamba shahidi alisema ngo leo na jana hakusema, nitakubali kwamba kuna swali la kumwuliza. Ukinionyesha kwamba saa mbili na saa nane ni saa moja kwa hesabu mbili, swali limekwisha. Uchunguzi wa lugha unaweza kumtia shahidi hatiani kama unavyoweza kumwokoa, na ndiyo maana unafaa kuwa kipimo.

Kwangu mimi jambo hili si la zamani. Nimezaliwa baada ya 1994. Yote ninayoyajua juu ya mwaka ule nimeyapata kwa ngo: kwa wazazi, kwa walimu, kwa ushuhuda wa kila Aprili wakati wa Kwibuka. Walioona kwa macho wanazeeka. Baada yao tutabaki na kumbukumbu zilizoandikwa, na nyingi za kumbukumbu za Arusha ziko kwa Kifaransa na Kiingereza. Wapo wanaokana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na moja ya silaha zao ni kuokota tofauti ndogo katika maneno ya mashahidi. Tofauti iliyozaliwa na mkalimani aliyechoka inaweza kuwa, mikononi mwao, uongo wa aliyenusurika.

Nasi wa Kiswahili hatuko watazamaji. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili mahakama ziendeshwe kwa Kiswahili, baada ya miaka mingi ambayo shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza kwa mkono wake, akitafsiri huku akisikiliza. Baadhi yetu tunaosoma makala hii tutakuwa wakalimani katika vyumba hivyo. Hukumu ya Akayesu ina desturi moja ambayo tungepaswa kuirithi na kuipanua: pale neno lilipokuwa kiini cha shauri, majaji walilinakili kwa Kinyarwanda kama lilivyosemwa. Walifanya hivyo kwa maneno machache. Mimi ningetaka iwe kanuni kwa kila neno ambalo uhuru wa mshtakiwa au heshima ya shahidi inalitegemea. Shahidi akisema kuryamana, iandikwe kuryamana kwanza, na tafsiri ije chini yake pamoja na jina la aliyeitafsiri.